Korongo Wawili kwenye Bustani ya Watu

Mkutano wa kijiji ulikuwa umekaribia kufungwa na watu walishaanza kuinuka na kukung'uta kanga zao, ndipo mwanamume mmoja mwenye fulana ya kijani akaomba dakika tano. Alijitambulisha kuwa mratibu wa mradi wa kuhifadhi ndege wa porini. Korongo taji wanapungua, alisema, mabonde wanayotagia yanakauka, na mradi unatafuta watu wa kujitolea wanaojua kusoma na kuandika, watembee bondeni kila baada ya wiki mbili wahesabu ndege. Watu wakacheka. Mtu mmoja nyuma yangu akauliza kama na panzi watahesabiwa.

Nikanyoosha mkono.

Shamba letu liko Mabawe, linaanzia migombani juu na kuishia kwenye maji chini. Nilipoolewa hapa, bonde lote lilikuwa mafunjo, marefu kuliko mtu, na asubuhi ungewasikia korongo kabla hujasikia jogoo. Kwa Kihangaza tunamwita umusambi. Bibi yangu alipocheza harusini alinyanyua mikono na kutikisa shingo kama umusambi, na wanawake wakapiga vigelegele. Halafu kila kiangazi mtu mmoja aling'oa mafunjo kipande akapanda maharage, mwaka uliofuata akaja wa pili, akaja wa tatu, na sisi tukiwa miongoni mwao. Siwezi kujitoa. Kwa hiyo niliponyoosha mkono sikuwa mtu mwema anayeokoa kitu cha wengine. Nilikuwa mtu aliyeona aibu.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alinyoosha mkono wake baada yangu. Ni mjane, nyumba yake iko ng'ambo ya njia, na ana ulimi unaoweza kumenya ndizi. Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza amepatwa na nini.

"Ukizama kwenye tope peke yako nani atakuvuta?" akasema. "Kaka yangu? Yule hata kuku akizama hamuoni."

Tulipewa mafunzo ya siku moja kwenye ofisi ya kata, darubini moja yenye ufa kwenye kioo cha kushoto, na daftari mbili. Mabuti ya mpira tulijitafutia wenyewe. Kila Jumamosi ya zamu yetu tuliteremka kukiwa bado na ukungu, tukatembea kutoka kwenye chemchemi hadi pale kijito kinapokunja kwenda mto Ruvubu, tukaandika. Wangapi wazima, wangapi wadogo, wanakula wapi, nani amefyeka wapi. Kijijini wakatuita wake za korongo. Wifi alikuwa anawajibu kwamba angalau mume huyu anavaa taji.

Kazi ngumu haikuwa kuhesabu. Ilikuwa watu. Korongo akiingia kwenye mahindi yaliyoota jana anavuta mche mmoja mmoja ili apate punje iliyo chini. Jirani yetu wa upande wa chini alikuja siku moja akasimama uani, hakutaka hata kukaa.

"Ndege wako wameng'oa mistari yangu miwili. Sasa njoo upande."

Nikaenda nikapanda. Wifi naye akaja. Tulipanda mistari miwili ile tukamaliza na wa tatu ambao haukuguswa, na yule jirani akasimama anatutazama, mwishowe akachukua jembe akatusaidia. Tangu siku hiyo aliweka vijiti vyenye vitambaa akaacha kuzungumzia kuwatilia korongo sumu. Nayasema haya ili ieleweke kwamba kazi hii tuliifanya. Hatukuwa watu wa kuvaa fulana na kupigwa picha.

Msimu wa tatu, mvua kubwa zikiwa zimekolea, wifi alikuwa mbele yangu kwenye maji yanayofika chini ya goti. Akanyoosha mkono nyuma.

"Wifi, simama hapo hapo."

Kulikuwa na kiota. Wameyalaza mafunjo na nyasi kama sinia, na katikati mayai matatu. Jike lilikuwa limeteleza pembeni, limeinamisha shingo, linajifanya halipo. Hatukusogea. Tulirudi nyuma hatua kwa hatua kama watu wanaotoka kwenye chumba cha mgonjwa. Tulipofika mahali pakavu wifi akakaa chini akafuta macho kwa ncha ya kanga, akaniambia ni jasho.

Na hapa ndipo hasira yangu inapoanzia, kwa sababu inaanzia kwangu mwenyewe. Niliandika yote. Niliandika kiota kiko upande gani wa chemchemi, hatua ngapi kutoka kwenye mti wa mkuyu uliokatika, njia ipi ya kuingilia isiyo na shimo. Mwandiko wangu ni mzuri, mwalimu wangu wa darasa la saba aliusifu. Nikaupiga picha ukurasa ule kwa simu, nikautuma kwenye kundi la wanaojitolea. Mratibu akajibu kwa alama za makofi.

Siku chache baadaye akafika na magari mawili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Siku zote aliniamkia vizuri. Hilo nalo linaniudhi nikilikumbuka. Alikuwa na wageni kama wanane, wengine akaniambia ni wafadhili, wengine ni wadau. Wadau wa nini, hakusema. Akataka tuwapeleke kwenye kiota.

Wifi akakataa. "Tulifundishwa na wewe mwenyewe kwamba kiota hakikaribiwi. Wataona kwa darubini kutoka huku juu."

"Ni kweli, mama, lakini hawa wametoka mbali. Dakika tano tu. Mradi ni wao pia."

"Korongo hajui habari za mradi."

Akacheka, wageni wakacheka, na safari ikaendelea kana kwamba wifi alikuwa amesema hali ya hewa ni nzuri. Mmoja wa wageni, mwanamume wa makamo aliyevaa viatu vya ngozi vilivyong'aa, akatazama maji, akatazama miguu yangu, akaniomba mabuti.

Nikamvulia. Nilibaki kwenye ukingo, peku, tope likipita katikati ya vidole, nikamwangalia mtu yule akiingia bondeni na mabuti yangu. Alipotoka alinishukuru vizuri akaniuliza maswali. Mayai yataanguliwa lini? Vifaranga vikitoka vinakula nini? Ni kweli havikai kwenye kiota? Nilifurahi kuulizwa. Hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza kitu ambacho mimi nakijua na yeye hakijui. Nikamweleza kwamba kifaranga cha korongo hutembea mapema sana, kinafuata wazazi majanini, kinakula panzi, minyoo, mbegu za nyasi, na kwamba kwa miezi kama miwili au mitatu hakiwezi kuruka. Nikamweleza hata namna kinavyojilaza kikiogopa, mtu anaweza kukiokota kama embe.

Ndivyo nilivyosema. Kama embe.

Yai moja halikuanguliwa. Vifaranga vilikuwa viwili, rangi ya majani makavu. Kimoja kilikuwa na kidole cha katikati cha mguu wa kushoto kilichojikunja kwa ndani, kikitembea kwa kudonoa ardhi kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Tuliwaona mara mbili, nikaandika na kutuma yote, hata kile kidole, na mratibu akajibu kwa makofi yale yale. Zamu ya tatu hatukuwaona. Wazazi walikuwa wanatembea bondeni toka upande mmoja hadi mwingine, wakiita. Sauti ya korongo ni kama baragumu lililoziba. Waliita Jumamosi hiyo, wakaita Jumapili tukiwa tunakwenda misa, wakaita wiki nzima. Mume wangu, yule ambaye haoni kuku akizama, aliacha kijiko mezani siku moja akasema, "Hawa kweli wameibiwa."

Nikampigia mratibu.

"Pole sana mama. Mnyama wa porini ana maadui wengi. Kuna nguchiro, kuna mbwa. Andika tu kwamba wameliwa."

"Hatujaona hata unyoya."

"Andika hivyo, mama, fomu haina sehemu nyingine."

Na mimi nikaandika. Waliliwa na mnyama. Kwa ule mwandiko mzuri.

Jirani yetu wa mahindi ndiye aliyetuambia, tena bila kujua anatuambia nini. Alikuwa amekutana na bodaboda asubuhi ikipanda kutoka bondeni, abiria amepakata boksi la sabuni lililotobolewa matundu. Alidhani ni vifaranga vya kuku wa kisasa. Alisema hamjui yule abiria. Wifi akamsikiliza hadi mwisho, akaingia ndani kwake akafunga mlango.

Kiangazi kilipofika tukaalikwa kwenye semina Biharamulo, sisi wa kujitolea kutoka wilaya yetu na ya kwao. Kutoka kwetu ni safari ya kuondoka mapema. Ukumbi ulikuwa kwenye nyumba ya wageni mpya yenye kuta za rangi ya krimu. Bango lilikuwa limetundikwa mbele, lina picha ya korongo mwenye taji na maneno kuhusu urithi wetu. Tulikunywa chai na maandazi, tukaelezwa kuhusu umuhimu wa kujitolea. Mgeni rasmi alisema sisi ni askari wasio na silaha. Tukapiga makofi.

Saa ya chakula tukatoka kwenda bustanini, kwa kuwa meza zilipangwa huko chini ya turubai. Nilikuwa nimeshika sahani ya pilau. Watu walikuwa wamejikusanya kwenye nyasi zilizokatwa vizuri, simu zimeinuliwa, wanacheka. Nikadhani kuna bibi harusi.

Walikuwa korongo wawili. Bado wadogo, shingo zina ukahawia, taji fupi, halijajaa. Walikuwa wanatembea kando ya ua wa maua, na washiriki wa semina ya uhifadhi walikuwa wanapanga foleni kupiga nao picha. Mgeni rasmi alikuwa katikati. Mratibu alikuwa ndiye anayeshika simu.

"Sogea kidogo mheshimiwa, ili waonekane wote wawili."

Nikamtazama wa kushoto anavyotembea. Alidonoa ardhi kwa mguu mmoja. Nikainama, sikuhitaji darubini. Kidole cha katikati, kimejikunja kwa ndani.

Sahani niliiweka wapi sijui. Wifi alikuwa ameshaona, kwa kuwa alisimama pembeni yangu akiwa amenishika mkono, na kucha zake ziliniingia.

Kulikuwa na mama mmoja anayefagia. Nikamuuliza kama nauliza mambo ya kawaida, hawa ndege wamepatikana wapi. Akasema bosi aliwaleta wakiwa wadogo sana kwenye boksi, akawa anawalisha panzi na uwele. Na kwa nini hawaruki? Akanionyesha kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe: walikatwa bawa moja hapa kwenye kiungo, ili wasiende. "Bosi anasema bawa moja linatosha," akasema. "Wakikatwa yote mawili hawapendezi."

Bosi mwenyewe alikuwa anazunguka kwenye meza akiwakaribisha watu. Viatu vyake viling'aa.

Nilikwenda kwa mratibu. Nilijaribu kuongea taratibu, Mungu ni shahidi wangu.

"Hawa ni watoto wa bonde letu."

"Mama, korongo wanafanana."

"Kidole kile nilikiandika. Kiko kwenye daftari. Ulinitumia makofi."

Akanishika bega akanivuta pembeni. "Mama yangu, nakuheshimu sana. Mwenye nyumba hii ametupa ukumbi bure. Ni mdau. Tusiharibu siku."

Bado naisikia ile *tusiharibu siku*. Nimeisikia nikipalilia, nimeisikia nikikoroga uji. Wazazi wawili waliita wiki nzima juu ya bonde, na kulikuwa na siku moja tu duniani isiyotakiwa kuharibiwa, siku ya semina.

Mchana tukarudi ukumbini. Ukafika muda wa maswali. Nikasimama. Sijawahi kuzungumza mbele ya kipaza sauti na nilikisogeza karibu mno kikalia, watu wakaziba masikio.

"Mimi sina swali," nikasema. "Nina ndege wawili. Wameibiwa Mabawe wakiwa na wiki chache, wamekatwa mabawa, na leo nyote mmepiga nao picha. Aliyewaonyesha wezi kiota ni mimi, kwa mwandiko wangu. Aliyewaleta ni mratibu. Aliyewachukua ndiye aliyewapa ninyi pilau. Mimi niliandika kwamba waliliwa na mnyama. Sikukosea sana, ila mnyama mwenyewe sikumjua."

Mshereheshaji akasema wanamshukuru mama kwa mchango wake, na kwa kuwa muda si rafiki, mengine yatajadiliwa kwenye kamati. Watu wawili watatu walipiga makofi kwa mazoea tu, wakaacha. Mwenye nyumba akasimama, akatabasamu, akasema kwa unyenyekevu kwamba yeye aliwaokoa ndege wale kutoka kwa watoto waliokuwa wakiwauza barabarani, na kama kuna anayewataka awachukue. Wakampigia makofi yeye. Ya kweli.

Wifi aliinuka, akatoka, akaenda kukaa kwenye nyasi karibu na ndege, na mkoba wake mapajani, kama mtu anayekesha na mfiwa. Nikamfuata. Tulikaa hapo. Meneja akaja akatuambia nyasi zile hazikaliwi. Wifi akamwambia, "Basi waondoe na hawa."

Akaja dada mmoja kijana ambaye alikuwa ameketi nyuma kabisa ukumbini akiandika. Alituamkia, akachuchumaa. Ni afisa wa wanyamapori, akasema, amehamia juzi tu. Akatuuliza maswali mafupi: lini, wapi, nani aliona boksi, daftari liko wapi. Hakutuambia pole. Kisha akamwendea mwenye nyumba, akamtaka aonyeshe kibali cha kufuga nyara ya serikali, na yule bwana akaanza kutafuta miwani.

Ilichukua wiki nyingi. Alikuja Mabawe, akachukua maelezo yetu na ya jirani, akaondoka na daftari langu. Mwenye nyumba hakuwa na kibali. Aliwapigia simu watu wenye vyeo, na dada yule akapigiwa simu na watu hao hao, alinieleza hilo akicheka bila furaha. Lakini hakurudi nyuma.

Walipokwenda kuwachukua ndege walimkuta mmoja. Yule wa kidole alikuwa ameuawa na mbwa siku nne kabla. Mbwa aliingia getini, mwenzake akakimbilia ndani ya maua, yeye akajaribu kupaa kwa bawa moja akazunguka mahali pamoja. Yule mama anayefagia ndiye aliyesimulia. Aliyebaki alipelekwa mahali wanapotunza ndege wasioweza kuruka, mbali na huku. Sitamuona, na hatalirudia bonde letu hata akiishi miaka ishirini.

Mwenye nyumba aliandikishwa maelezo, akapewa adhabu, akailipa. Nyumba ya wageni inaendelea, nasikia sasa ameweka bata. Mimi na wifi tuliondolewa kwenye kundi la simu siku ile ile ya semina, kabla basi letu halijafika nyumbani. Niliona maneno yale kwenye kioo, kwamba umeondolewa, na jina la aliyekuondoa. Mratibu amehama. Ana mradi mwingine, wa nyuki.

Watu wananiambia nimeshinda. Mume wangu anasema hivyo, hata jirani anasema hivyo. Sijui wanahesabu vipi. Vifaranga viwili, mmoja amekufa, mmoja ni kilema ugenini. Wazazi wao hawakutaga msimu uliofuata. Waliotaga ni jozi nyingine, upande wa juu, na hiyo ndiyo kazi yetu ya sasa. Tunakwenda bila fulana na bila fomu. Wifi anasema namba kwa sauti, mimi nazishika kichwani, tukifika nyumbani tunazirudia mara moja kisha tunaziacha. Nimejifunza kudanganya. Mtu akiniuliza kama kuna viota mwaka huu nasema hakuna, ndege wamehama. Nilimdanganya hata mwalimu mmoja aliyetaka kuleta wanafunzi waone, mwalimu mzuri, asiye na kosa lolote. Alisikitika, akanishukuru. Nilipomtazama akiondoka nilijichukia kuliko nilivyowahi kumchukia yule wa viatu, kwa kuwa hivi ndivyo walivyonifanya: mtu anayewaficha watoto ndege wao.

Kwaresima iliyopita nilikwenda kuungama. Nikasema nina hasira, nikataja kwa nani. Padre akanisikiliza, akaniuliza kama nimewasamehe.

"Bado, Padre."

"Unajaribu?"

Nilifikiri. Nje kulikuwa na foleni, nilisikia mtu akikohoa.

"Sijaanza," nikamwambia.

Akanipa kitubio changu, rozari moja, akaniambia nirudi nitakapoanza. Nilisali rozari yote pale pale kwenye benchi, kisha nikaenda kupalilia maharage.